Tumbo Lisilosomeka Maabara

Katika jamii yetu maradhi nayo yana matabaka. Shinikizo la damu hutajwa hadharani, tena wakati mwingine kwa majivuno, kana kwamba ni ushahidi wa majukumu mengi. Kisukari kina kliniki zake na siku yake ya maadhimisho kila Novemba 14. Malaria ina mpango wa taifa, bajeti na vyandarua. Lakini tumbo linalosokota kila wiki pasipo sababu inayoonekana, choo kinachogoma siku nne kisha kikaja kwa kishindo siku ya tano, gesi inayomtoa mtu mzima kikaoni kabla ya ajenda ya pili: haya hayana jukwaa. Mwenye nayo huyameza kimya kimya pamoja na vidonge vya kila rangi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ninayokusudia kuyajadili leo hayaui, na kwa hiyo mtu anaweza kuyaficha miaka arobaini asiumbuke.

Msomaji aliyezoea kunisoma nikijadili bajeti, uchaguzi na elimu ya juu huenda akajiuliza mhadhiri wa sayansi ya siasa ametafuta nini tumboni. Jibu langu ni kwamba tumbo la raia huwa suala la umma pale raia huyo anapotozwa fedha kwa ugonjwa asio nao, anapopewa dawa asizozihitaji, anapokosa choo safarini, na anapoambiwa aache chakula pekee anachokimudu pasipo kuonyeshwa kingine. Yote manne huwapata watu wenye ugonjwa huu nchini mwetu. Hoja yangu ni moja: kukitambua chakula kinachomdhuru mtu ni kazi inayohitaji elimu na subira, nayo inawezekana. Kwa sasa tumemwachia mgonjwa aifanye peke yake, ilhali msaada anaouhitaji si wa gharama kubwa.

Hospitalini ugonjwa huu huitwa kwa herufi tatu, IBS. Kwa Kiswahili ningependa kuuita utumbo mwepesi kuhamaki, kwa kuwa ndivyo ulivyo: utumbo usio na kidonda, usio na uvimbe wala mdudu, ila mishipa yake ya fahamu hushtuka upesi kuliko ya watu wengine. Wataalamu wa kimataifa wana vigezo vya kuutambua, viitwavyo vigezo vya Roma, na toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2016. Kwa ufupi, mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zimeanza walau miezi 6 kabla ya kutambuliwa. Maumivu hayo yaambatane na mambo mawili au zaidi kati ya haya matatu: yawe yanahusiana na kwenda haja, idadi ya safari za chooni iwe imebadilika, na umbo la choo chenyewe liwe limebadilika. Wapo wanaofunga choo, wapo wanaoharisha, na wapo ambao hali hizo mbili hupokezana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulikuta kwamba takriban watu 4 kati ya kila 100 waliojibu maswali kwa intaneti wana ugonjwa huu kwa vigezo hivyo. Kwa waliohojiwa majumbani uwiano ulikuwa kati ya mtu 1 na 2. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Ghana, Nigeria, Misri na Afrika Kusini zilikuwamo katika utafiti huo. Afrika ya Mashariki haikuwamo. Kutokuwamo kwetu katika takwimu hakuna maana kwamba hatumo katika foleni za zahanati.

Wazee wa pwani walikuwa na neno chango, nalo lilibeba maumivu mengi ya tumbo ambayo asili yake haikueleweka. Halikuwa utambuzi wa kitabibu, lakini walau lilimpa mgonjwa ruhusa ya kusema kwamba anaumwa. Leo neno hilo tumewaachia waganga, na nafasi yake imechukuliwa na maneno mengine matatu: taifodi, amiba na vidonda vya tumbo.

Hayo matatu ni magonjwa ya kweli, na yapo. Tatizo ni jinsi yanavyogawiwa. Kipimo kitumikacho sana kutafuta taifodi katika maabara zetu ndogo kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hicho hakitafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili uliwaunda ili kupigana na bakteria hao. Katika nchi ambamo watu wengi wamewahi kukutana na vimelea hivyo au jamaa zake, askari hao wanaweza kuwamo damuni muda mrefu baada ya vita kwisha, au wakawa waliundwa kwa ajili ya adui mwingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba jibu moja la Widal halitoshi kumtangazia mtu taifodi, na kwamba njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu. Kuotesha huchukua siku kadhaa na huhitaji maabara yenye vifaa. Widal huhitaji damu kidogo na subira kidogo.

Mimi ni mmoja wa watu wenye ugonjwa huu. Katika mwaka mmoja niliambiwa mara tatu kwamba nina taifodi, katika vituo vitatu tofauti, pasipo kuwa na homa hata siku moja, na kila mara niliandikiwa antibiotiki. Ninayasema haya kwa kuwa nimewasikia wenzangu kazini, majirani na wanafunzi wakisimulia kisa hicho hicho kwa maneno yale yale. Antibiotiki isiyohitajika huleta hasara mbili. Huvuruga jamii ya bakteria waishio utumboni, ambao tayari hawaelewani vema na mwenyeji wao. Na huongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hasara ambayo itamfikia hata yule asiyewahi kuumwa tumbo.

Simlaumu mhudumu mmoja mmoja. Tabibu aliye na wagonjwa sitini mlangoni hana nusu saa ya kumuuliza mtu habari za choo chake. Kipimo kina bei na kidonge kina bei, lakini nusu saa ya kumsikiliza mgonjwa hailipwi zaidi ya dakika tatu za kumwandikia karatasi. Na ugonjwa huu, kwa bahati mbaya, hutambuliwa kwa maongezi kuliko kwa kitu kingine chochote. Mfumo unaolipa vitu na kusahau muda utazalisha vitu vingi: karatasi nyingi za majibu, mifuko mingi ya dawa, na wagonjwa wale wale mwezi ujao.

Nisieleweke vibaya kwamba nawashawishi watu waache kupimwa. Mtu anayeona damu katika choo chake, anayepungua uzito pasipo kukusudia, mwenye upungufu wa damu au homa, anayeamshwa usiku na kuharisha, aliyeanza kupata dalili baada ya umri wa miaka 50, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo mpana, huyo anahitaji uchunguzi wa kina tena wa haraka. Ninachokipinga ni kupimwa kitu kile kile mara kumi kwa mtu ambaye maelezo yake mwenyewe yangetosha kuonyesha njia.

Asili ya ugonjwa huu ina mambo mengi, lakini moja linatuhusu kuliko mengine. Mwezi Mei mwaka 2000, maji ya bomba ya mji mdogo wa Walkerton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, yaliingiwa na vimelea vya kinyesi cha mifugo baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 walifariki. Watafiti waliwafuatilia wakazi wa mji huo kwa miaka 8, wakabaini kwamba walioharisha wakati ule walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na IBS kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Vimelea viliondoka siku nyingi, lakini utumbo haukurudi ulivyokuwa. Ikiwa hayo yalitokea katika mji wenye hospitali na fidia, kwa tukio moja tu, sembuse katika mitaa yetu ambako kuhara ni habari ya kila masika? Kila tunapoahirisha mradi wa maji safi, tunahesabu waliolazwa na waliofariki. Wale watakaobaki na matumbo yenye hamaki kwa miaka mingi baadaye hatuwahesabu.

Tuje sasa kwenye chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash mjini Melbourne, Australia, wakiwamo Profesa Peter Gibson na mtaalamu wa lishe Sue Shepherd, walikusanya chini ya jina moja aina kadhaa za sukari na wanga mfupi zinazowasumbua watu wenye ugonjwa huu. Jina hilo ni FODMAP, nalo lilianza kutumika mwaka 2005. Nyuma ya herufi hizo kuna jambo jepesi kueleweka. Sukari hizo hazinyonywi vizuri katika utumbo mwembamba. Huvuta maji, kisha hushuka hadi kwenye utumbo mpana ambako bakteria huzichachua na kutoa gesi. Kila binadamu hupatwa na hali hiyo, na ndiyo maana maharage hayakosi utani mabwenini. Tofauti ni kwamba kwa mwenye IBS utumbo ukitanuka kidogo tu, mishipa ya fahamu hupiga mbiu ya mgambo.

Sukari hizo zimejaa jikoni mwetu. Fruktani zimo katika vitunguu maji na vitunguu saumu, na katika ngano ya chapati, maandazi na mkate. Maharage, kunde, mbaazi na dengu zina za aina nyingine. Maziwa yana laktosi. Maembe, tikiti maji na asali zina fruktosi nyingi. Korosho nazo zimo katika orodha. Kwa upande mwingine, wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, mayai, samaki, nyama, karoti, bilinganya, machungwa na karanga huyatuliza matumbo ya wengi. Kuna pia visababishi ambavyo si sukari hizo: pilipili, mafuta mengi, chai na kahawa kupita kiasi, pombe, na ulaji wenyewe, yaani kushinda njaa mchana kutwa kisha kushindilia sahani saa nne za usiku. Na kuna hofu. Utumbo una neva zake, zaidi ya milioni 100, nazo huzungumza na ubongo saa zote. Kusema kwamba mawazo huchafua tumbo si kumtuhumu mgonjwa kwamba anajidai kuumwa; ni kueleza jinsi mwili ulivyounganishwa.

Hapa ndipo makosa mawili hutokea. La kwanza ni la kuchukua orodha nzima na kuigeuza mwiko wa maisha. Neno letu mzio lilikuwa na maana ya chakula ambacho mtu amekatazwa kukila. Leo madaktari hulitumia kwa hali ambayo kinga ya mwili hukishambulia chakula, hata kwa chembe ndogo, na inaweza kuua. IBS si mzio kwa maana hiyo. Kiasi ndicho kila kitu. Mtu anaweza kuumizwa na sahani iliyojaa maharage na asidhurike na vijiko vitatu. Anayeacha vyakula ishirini kwa mpigo hatajua ni kipi kati ya hivyo kilichokuwa na hatia, na hatimaye atakonda kwa woga.

La pili ni la kuamini kwamba orodha iliyotungwa kwa jiko la watu wengine itatutosha. Chukua mfano wa maziwa. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwa jamii za wafugaji mabadiliko ya kijeni yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa, tena mabadiliko tofauti na yale ya Ulaya. Kwa watu wazima walio wengi duniani uwezo huo hupungua baada ya utoto. Hivyo basi kikombe kile kile cha maziwa kinaweza kuwa riziki kwa Mmasai wa Longido na msokoto wa tumbo kwa jirani yake aliyekulia Kilwa, na huyo jirani akadhani ana IBS kumbe ni laktosi tu. Orodha moja haiitoshi hata nchi moja.

Njia iliyo sahihi ina hatua tatu, na ni vema ikafanywa kwa msaada wa mtaalamu wa lishe. Ya kwanza ni kupunguza vyakula vyenye sukari hizo kwa muda mfupi, wiki 2 hadi 6, si zaidi. Dalili zikitulia, huja hatua ya pili, ambayo wengi huiruka: kuvirudisha vyakula kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo kinachoongezwa kwa siku kama tatu, huku mtu akiandika yanayotokea. Ya tatu ni kujenga mlo wa kudumu wenye vyakula vingi iwezekanavyo, na kuacha au kupunguza vile tu vilivyothibitika. Dalili zisipotulia katika hatua ya kwanza, mtu huyo arudi kwenye mlo wake wa kawaida na kutafuta sababu kwingine. Si kila mwenye IBS anaudhiwa na chakula.

Kinachohitajika ni daftari la shule na kalamu. Andika saa, ulichokula na kiasi chake, kilivyopikwa, ulivyolala, kilichokusumbua akilini siku hiyo, na hali ya choo. Baada ya mwezi mmoja daftari huanza kusema. Langu liliyasafisha maharage niliyokuwa nimeambiwa niyaache kabisa, maadamu ni kiasi kidogo, yamelowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yakamwagwa, maana sehemu ya sukari zile huondoka na maji hayo. Lilivitia hatiani vitunguu vya rosti, na chapati zikiwa zaidi ya moja. Aidha, lilionyesha kwamba wiki za kusahihisha mitihani hunidhuru kuliko chakula chochote. Tumbo la mwingine litasema mengine, na ndiyo sababu sitoi orodha yangu imfae mtu. Ninachoweza kumpa msomaji ni mbinu moja ya jikoni: fruktani huyeyuka katika maji wala haziyeyuki katika mafuta. Ukizikaanga punje nzima za kitunguu saumu katika mafuta kisha ukazitoa kabla ya kutia kitu chochote chenye maji, ladha hubaki na madhara hupungua. Majani mabichi ya vitunguu nayo huwatosha wengi badala ya kitunguu chenyewe.

Najua pingamizi litakalokuja. Katika nchi ambamo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, je, si anasa kuwazungumzia watu wazima wanaochagua chakula? Mimi naliona jambo hili kinyume. Mwenye fedha akiambiwa aache maharage atakula samaki, na akiambiwa aache ngano atakula wali wa Kyela. Mama lishe, kuli wa sokoni na mwanafunzi wa bweni hawana cha kubadilisha. Kwao maharage ndiyo protini ya siku, na ushauri wa "acha maharage" uliotolewa kwa sentensi moja dirishani ni ushauri wa kukaa na njaa. Maskini ndiye anayehitaji kuambiwa kwa usahihi ni kiasi gani, kimepikwaje, na badala yake nini. Ushauri wa jumla humgharimu yeye kuliko mtu mwingine.

Kuishi na ugonjwa huu ni zaidi ya sahani. Nimesimamia mitihani kwa miaka mingi. Kanuni zetu vyuoni humtazama mwanafunzi anayetoka nje mara tatu kama mtuhumiwa wa udanganyifu. Husindikizwa, hupekuliwa, na dakika anazozipoteza hazirudishwi. Wapo wanaokaa katika kiti wakitokwa jasho kuliko kunyoosha mkono. Safarini ni vivyo hivyo. Basi la mkoani husimama kwa kuchimba dawa pale dereva anapotaka, mara nyingi porini, ambako mwanamume hujificha nyuma ya mti na mwanamke hutafuta kichaka cha mbali zaidi. Nawajua watu ambao wakitaka kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza huacha kula tangu jana yake. Misibani na harusini ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa kukataa chakula cha mtu kwetu ni kumshuku au kumdharau. Mgeni anayesema "samahani mama, vitunguu hunisumbua" huonekana ana maringo ya mjini, naye akaamua kula ili alinde undugu, kisha akalipa usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

La kwanza, Wizara ya Afya iweke katika mwongozo wa matibabu unaotumika zahanati na vituo vya afya ukurasa mmoja ulio wazi kuhusu maumivu ya tumbo yanayojirudia: maswali ya kuuliza, dalili za hatari, na onyo la kutomtangazia mtu taifodi kwa Widal moja. Watabibu wetu si wazembe. Ila hawawezi kutumia wakati wa foleni karatasi ambayo hawajapewa.

La pili, tutunge jedwali letu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania. Ni kazi ya kujivunia: ndani yake mtu hupata nishati, protini, madini na vitamini za vyakula vyetu. Fruktani na jamaa zake hazimo. Katika orodha nyingi za ng'ambo hutakuta kisamvu, mlenda, njugu mawe, makande wala uji wa ulezi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina watu na maabara. Wanafunzi wachache wa uzamili wakipewa kazi hiyo, katika miaka michache mgonjwa wa Tandahimba ataweza kusoma kuhusu chakula anachokila kweli.

La tatu, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Tunapoendelea kubishana juu ya kitita cha huduma, ushauri wa lishe uhesabiwe kuwa tiba na ulipwe kama tiba. Vikao vitatu na mtaalamu wa lishe ni nafuu kuliko dozi sita za antibiotiki zisizohitajika.

La nne, choo. Mwenye leseni ya basi la masafa marefu alazimike kuwa na vituo vyenye vyoo safi vinavyojulikana kabla ya safari kuanza. Vyuo navyo viruhusu mwanafunzi mwenye cheti cha daktari kukaa karibu na mlango na kurudishiwa dakika zake, pasipo kuhojiwa mbele ya wenzake. Hili la vyuo halihitaji Bunge. Seneti inaweza kulimaliza katika kikao kimoja, na katika chuo ninachofundisha nimekwisha kuliwasilisha kwa maandishi.

Kwa msomaji ambaye amejiona katika maelezo haya: huna laana, hujarogwa, na ugonjwa huu haugeuki saratani. Muone daktari, mweleze habari za choo chako kwa maneno ya kawaida kama unavyomweleza habari za kichwa, na umuulize waziwazi iwapo yaweza kuwa IBS. Nunua daftari. Usiache vyakula ishirini kwa siku moja. Na ukialikwa chakula, mwambie mwenyeji wako mapema, faraghani, kinachokusumbua. Wengi wakiambiwa kwa heshima huelewa, na baadhi yao, nimeona, hushusha pumzi na kusema kwamba nao vitunguu huwasumbua.